John Coltrane: Alitimuliwa, akainuka kuwa gwiji wa jazz

ANAYETAKA kuijua jazz kwa dhati hana budi kuwa na kazi za John Coltrane, mpuliza saksofoni aliyezaliwa Septemba 23, 1926, huko Hamlet, North Carolina, nchini Marekani.

Mwaka 1957, Miles Davis alimtimua katika bendi yake kwa sababu ya heroini. Pigo hilo lilimzindua. Mwaka huohuo aliachana na dawa hizo, akashirikiana na mpiga piano Thelonious Monk, kisha akarekodi Blue Train, albamu inayomfaa msikilizaji anayeanza.

Baadaye alirejea kwa Davis, na mwaka 1959 alishiriki kurekodi Kind of Blue, albamu ya Davis iliyojaa utulivu. Giant Steps, iliyotoka mwaka 1960, inadai sikio makini, kwani ndani yake muziki hubadilika kwa kasi.

Desemba 9, 1964, akiwa na McCoy Tyner, Jimmy Garrison na Elvin Jones, alirekodi A Love Supreme, albamu ya kumshukuru Mungu kwa kumwokoa.

Coltrane alifariki dunia Julai 17, 1967, kwa saratani ya ini, akiwa na umri wa miaka 40. Albamu zote hizo nne zilirekodiwa baada ya yeye kutimuliwa.