Mtakatifu Yosefu Cafasso: padre aliyewapeleka mapadre gerezani



Wapo kati yetu wanaohisi wanaitwa kuwa karibu na wafungwa au wagonjwa, lakini wanabaki na swali: nitajuaje kama ni wito kweli, au ni huruma tu ya siku moja? Hebu tumwangalie mtu aliyelijua swali hilo vizuri.

Yosefu Cafasso alizaliwa tarehe 15 Januari 1811 huko Castelnuovo d'Asti, kaskazini mwa Italia. Alikuwa mfupi, mwenye kibiongo, na afya yake haikuwa ya kujivunia. Alipewa upadre mwaka 1833, akiwa na miaka 22 tu. Mwaka uliofuata akaenda Turin, kwenye nyumba ya malezi ambayo Padre Luigi Guala aliianzisha kwa ajili ya mapadre wapya. Akakaa hapo mpaka kufa. Kwanza mwanafunzi, halafu mwalimu wa maadili, na kuanzia 1848 gombera.

Sasa, malezi ya pale hayakuwa ya darasani tu. Padre kijana alijifunza kuhubiri na kuungamisha, tena kwa upole, maana siku hizo wengi walifundisha Mungu wa kuogopwa tu. Kisha Cafasso alimchukua wakaenda pamoja gerezani. Magereza ya Turin yalikuwa na giza, unyevu na harufu mbaya. Cafasso alirudi nyumbani na chawa kwenye nguo, na kesho yake akaenda tena, mfukoni ana tumbaku ya kuwagawia wafungwa. Inasimuliwa kwamba siku moja alimshika ndevu mfungwa mmoja jitu la mtu, akakataa katakata kumwachia mpaka akubali kuungama. Na jamaa akaungama!

Kazi iliyokuwa nzito kuliko zote ni ya waliohukumiwa kunyongwa. Alikesha nao, akapanda nao mkokoteni, akawa nao mpaka chini ya mti wa kunyongea. Zaidi ya watu 50 aliwasindikiza hivyo. Aliamini kabisa kwamba aliyetubu anakwenda moja kwa moja kwa Mungu, kiasi kwamba aliwaomba wamkumbuke huko.

Mmoja wa vijana wake unamjua: Don Bosco. Alipopata upadre mwaka 1841 alikuwa na nafasi tatu za kazi mezani, moja yenye mshahara mzuri. Cafasso akamshauri aziache zote, aje kwanza ajifunze. Ni gerezani, akiwa na Cafasso, ndipo Don Bosco alipowaona vijana wadogo wakioza bila mtu wa kuwajali, na wengine wakitoka na kurudi tena. Hapo ndipo alipoanza kufikiri: je, wangepata rafiki mapema?

Inasimuliwa pia kwamba Don Bosco aliposindikiza kijana kwenda kunyongwa, alizimia. Kwa kweli sioni aibu hapo. Kuna mzigo ambao Cafasso aliweza kuubeba na mwanafunzi wake hakuweza, na malezi ndiyo yalilionyesha hilo. Mwaka 1844, miaka mitatu ilipokwisha, Don Bosco bado hakuwa na uhakika wa njia yake. Cafasso akampeleka kuwa kapelani katika nyumba za huduma za Giulia di Barolo, huku akiendelea na vijana wake wa mitaani. Na kwa miaka mingi aliendelea kumsaidia kwa fedha na ushauri.

Cafasso alifariki tarehe 23 Juni 1860, akiwa na miaka 49. Papa Pio XII alimtangaza mtakatifu mwaka 1947, na leo ni msimamizi wa makapelani wa magereza.

Kumbe tuna undugu naye pia! Mtoto wa dada yake, Mtakatifu Yosefu Allamano, ndiye mwanzilishi wa Wamisionari wa Consolata, waliofika Kenya mwaka 1902 na Iringa mwaka 1919.

Mtakatifu Yosefu Cafasso, utuombee.