Ibn Sina na uwatu wa mamangu

Daktari aliponiambia nina ugonjwa wa sukari, mamangu hakusema neno. Aliingia jikoni akaroweka uwatu. Tangu siku ile chapati zangu ni za unga usiokobolewa, uliochanganywa na uwatu wa kusaga. Zina uchungu kidogo, lakini zinalika. Alidai ni dawa ya wazee, nami nikataka kujua ni wazee gani hao.

Mmoja wao ni Abu Ali Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka wa 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara. Alipofika miaka 10 alikuwa amekwisha hifadhi Kurani. Akiwa bado kijana mdogo aliitwa kumtibu Amiri Nuh bin Mansur, kisha akaomba ruhusa ya kusoma katika maktaba ya Amiri huyo.

Hakuishi kwa raha. Alihama mji hata mji, akawa waziri huko Hamadan, akafungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan, mwishowe akatorokea Isfahan amevaa nguo za masufi. Katika misukosuko hiyo aliandika Al-Qanun, vitabu vitano vya tiba vilivyosomeshwa hata Ulaya kwa karne nyingi.

Ugonjwa wa sukari hakuuvumbua yeye, nami sipendi tunavyomzidishia sifa. Wayunani walikwisha utaja. Ila aliueleza vyema, na wanahistoria wa tiba humtajia dawa yake moja yenye uwatu ndani. Siri ya mbegu hiyo imejulikana juzi tu: ina nyuzinyuzi tele ambazo zikirowa hugeuka ute, na ute huo huichelewesha sukari kuingia damuni. Majaribio ya India katika miaka ya 1980 yalithibitisha hivyo. Vidonge vyangu sikuviacha, maana daktari alinionya kuwa uwatu pamoja na dawa huweza kuishusha sukari kupita kiasi. Kwa hiyo napima kila asubuhi.

La ajabu, tabibu huyu aliuawa na tumbo. Msokoto ulimshika, akajitibu kwa pupa, ukamrudia akiwa safarini kwenda Hamadan. Alipoona nguvu zimemwisha aliacha dawa, akatoa sadaka, akawaacha huru watumwa wake, akashika kusoma Kurani. Alifariki Ramadhani ya mwaka wa 1037, akazikwa papo hapo Hamadan.

Nilimhadithia mamangu haya yote tukingoja adhana ya magharibi. Alimwombea rehema, kisha akauliza kama maskini huyo hakuwa na mtu wa kumpikia.