Asiyeona Haya Kukiri Kosa

Mwenye Heri Niels Stensen alizaliwa mwaka 1638 mjini Copenhagen, nchini Denmark, katika jamaa ya Kilutheri. Alisomea uganga, akawa bingwa wa kuchunguza viungo vya mwili.

Siku zile wasomi wengi walimfuata Descartes, mwanafalsafa Mfaransa aliyefundisha kwamba moyo huiendesha damu kwa joto lake, mithili ya tanuru. Stensen naye alimstahi sana. Lakini alipoupasua moyo aliona nyuzi za nyama, sawasawa na za msuli wa mguu. Basi moyo ni msuli! Mwaka 1664 alilitangaza jambo hilo kitabuni, ijapokuwa liliyapinga mafundisho aliyoyapenda.

Mwaka 1666 alipelekewa huko Florence kichwa cha samaki mkubwa aina ya papa. Meno yake yalifanana na mawe fulani ya milimani, ambayo wengi walidhani yameota mwambani au yameanguka toka angani. Stensen alionyesha kwamba ni meno ya papa wa kale, na kwamba nchi ile iliwahi kufunikwa na bahari.

Mwaka ule ule, mjini Livorno, aliona maandamano ya Ekaristi Takatifu. Akajiuliza: je, umati huu unaabudu mkate mtupu, au mimi ndiye niliyekosa? Hakufanya haraka. Alisoma Maandiko na Mababa wa Kanisa zaidi ya mwaka mzima, na Novemba 1667 akapokewa katika Kanisa Katoliki.

Hatusemi kwamba imani hupatikana kwa kisu cha mganga; imani ni neema. Lakini neema hubisha hodi, na kiburi hukataa kufungua.

Ukweli ulimgharimu. Alirudi kwao mwaka 1672, lakini kwa sababu ya imani yake hakupata nafasi ya kutulia, akaondoka mwaka 1674. Alipewa upadre mwaka 1675 na uaskofu mwaka 1677, akawatumikia Wakatoliki wachache wa Ujerumani ya kaskazini katika ufukara. Alifariki Schwerin mwaka 1686, mwenye miaka 48. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1988.

Enyi wazazi, mara ngapi tumemwadhibu mtoto kwa kosa, kisha tukaonyeshwa kwamba hakulitenda, nasi tukanyamaza ili tusipoteze heshima? Heshima hiyo ni ya bure. Mtoto aliyemsikia baba yake akikiri kosa amekwisha kufundishwa kuupenda ukweli.