Wabera: DC aliyeuawa akijaribu kuziba ufa wa Isiolo

MAELFU ya wakazi wa Nairobi hupita kila siku katika barabara ya Wabera, inayounganisha Kenyatta Avenue na City Hall Way katikati ya jiji, na wengi wao hawajui ni nani aliyetunukiwa heshima hiyo. Mjini Isiolo jina lilo hilo limepewa wadi na shule ya msingi. Huko halihitaji maelezo mengi, kwani kifo cha mwenye jina ndicho kilichofungua ukurasa wa kiza katika historia ya Kaskazini mwa Kenya.

Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa wa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo. Aliuawa kwa kupigwa risasi Ijumaa, Juni 28, 1963, katika eneo la Modogashe, akiwa ziarani kuwashawishi wananchi wabaki ndani ya Kenya. Pamoja naye aliuawa Chifu Mkuu wa Waborana, Haji Galma Dida. Kenya ilikuwa imepata Madaraka Juni mosi. Serikali ya wananchi haikuwa imemaliza hata mwezi mmoja tangu ikabidhiwe hatamu.

Kwa kawaida Wabera hukumbukwa kama shujaa wa umoja wa taifa, na hilo ni haki yake. Lakini maisha yake ya utumishi yana somo jingine ambalo halijazungumzwa vya kutosha, nalo linahusu jinsi serikali inavyopata habari za usalama, jinsi idara zake zinavyopashana habari hizo, na gharama inayolipwa na raia pale mfumo huo unapovunjika.

Ili kuelewa uzito wa kiti alichokikalia, ni sharti kwanza kuielewa Isiolo ya siku zile. Mji huo ulikuwa makao makuu ya utawala wa Waingereza katika eneo la mpakani la Kaskazini, lililojulikana kwa ufupi kama NFD. Eneo hilo lilijumuisha wilaya sita: Isiolo, Garissa, Mandera, Marsabit, Moyale na Wajir. Kwa mujibu wa sheria za kikoloni, ikiwemo ile ya mwaka 1934 kuhusu wilaya maalum, mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Kizuizi cha Isiolo kilikuwa ndio mlango, na waliokaa upande wa pili walizoea kusema kwamba msafiri aelekeaye Nairobi anakwenda Kenya, kana kwamba wao walikuwa nchi nyingine.

Wakazi wa Isiolo wenyewe walikuwa mchanganyiko. Waborana walilisha mifugo kandokando ya mto Ewaso Nyiro. Wasomali wa Isaaq na Herti, wengi wao wakitoka katika familia za askari waliopigania Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, walikuwa na makazi yao mjini. Waturkana, Wasamburu na Wameru nao walikuwa na mashina yao. Atawalaye mji kama huo hana budi kusikiliza kwa masikio mengi.

Kuanzia mwaka 1960, Jamhuri ya Somalia ilipopata uhuru, wengi katika NFD walianza kudai kujiunga nayo. Chama cha NPPPP kilibeba bendera ya kujitenga, huku kile cha NPUA kikipinga. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Uingereza ilizunguka eneo hilo na kubaini kuwa wengi wa wakazi walitaka kujitenga. Hata hivyo, Machi 8, 1963, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Duncan Sandys, alitangaza kwamba eneo hilo lingebaki ndani ya Kenya. Siku chache baadaye Somalia ikavunja uhusiano wake wa kibalozi na Uingereza, na uchaguzi wa Mei mwaka huo ukasusiwa na Wasomali wengi wa Kaskazini.

Katika hali hiyo ndipo Wabera, mwana wa Kaskazini aliyeijua ardhi hiyo na watu wake, alipokuwa akiiongoza Isiolo.

Mkuu wa Wilaya katika mfumo wa kikoloni alikuwa zaidi ya karani wa serikali. Ndiye aliyekusanya habari. Machifu walimletea yaliyosemwa visimani na malishoni. Dubas, wale askari wa utawala waliotambulika kwa vilemba vyao vyekundu, walimletea nyayo walizoziona jangwani. Naye aliandika ripoti na kuipeleka kwa Mkuu wa Mkoa. Kando yake palikuwa na polisi wa kawaida, na kando ya polisi palikuwa na Special Branch, kitengo kilichofuatilia nyendo za wanasiasa. Jeshi nalo lilikuwa na habari zake.

Waingereza walikuwa wameshaonja uchungu wa kuziacha idara hizo zifanye kazi kila moja kivyake. Vita vya Mau Mau vilipozuka mwaka 1952, serikali ya kikoloni iligundua kwamba habari zilikuwapo lakini zilitawanyika. Mnamo Novemba mwaka huo mkuu wa shirika la ujasusi la Uingereza la MI5, Percy Sillitoe, alifika Nairobi pamoja na wasaidizi wake. Matokeo ya ziara hiyo yalikuwa kuundwa kwa kamati kuu ya ujasusi, na baadaye kamati za mikoa na za wilaya, ili mtawala, polisi na Special Branch wakae meza moja. Mfumo huo ulitumiwa vibaya dhidi ya wapigania uhuru, na hilo halifichiki. Lakini kanuni iliyouzaa ilikuwa sahihi, kwamba habari isiyomfikia anayeihitaji ni sawa na habari isiyokuwapo.

Tatizo lililomkabili Wabera lilikuwa kwamba, mwezi Juni 1963, meza hiyo ilikuwa na wenyewe wengi. Jomo Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu na Jaramogi Oginga Odinga Waziri wa Mambo ya Ndani. Hata hivyo, chini ya katiba ya kujitawala, ulinzi, mambo ya nje na usalama wa ndani vilibaki mikononi mwa Gavana Malcolm MacDonald hadi siku ya uhuru. Katiba ya majimbo nayo ilikuwa imegawa mamlaka baina ya serikali kuu na mabaraza ya majimbo. Isiolo ikawekwa katika jimbo la Mashariki, ilhali jirani zake Garissa na Wajir wakawa Kaskazini Mashariki, na Modogashe iko pale pale ambapo wilaya hizo zinapakana. Special Branch yenyewe ilikuwa katika mageuzi, kwani ni katika mwaka huo ilipotenganishwa na polisi ili ijitegemee.

Kwa hiyo afisa aliyetoka Isiolo kwenda Modogashe alisafiri katika njia iliyopita baina ya mamlaka kadhaa, kila moja ikiwa na sehemu yake ya picha. Waliotaka kumdhuru hawakuwa na mgawanyiko wa aina hiyo. Mpaka kwao ulikuwa kimbilio, na baada ya mauaji wahusika walivuka kuingia Somalia.

Wabera hakungoja meza hiyo ipangike. Alichagua njia ya zamani ya kwenda mwenyewe, akifuatana na mtu aliyeaminika. Galma Dida hakuwa msindikizaji tu. Alikuwa Mwislamu aliyekwenda Hija, mzee wa Waborana, na mpinzani wa kujitenga katika jamii ambayo wengi wa vijana wake walivutwa na wito wa Mogadishu. Mkuu wa Wilaya aliwakilisha serikali mpya na chifu aliwakilisha watu. Kwa pamoja walikuwa daraja ambalo habari na imani zingeweza kupita pande zote mbili. Risasi za Modogashe zililikata daraja hilo kwa siku moja.

Kilichofuata ndicho kinachoumiza zaidi. Uhuru ulipatikana Desemba 12, 1963, na Desemba 28 serikali ikatangaza hali ya hatari katika Kaskazini Mashariki. Vita vya mashifta vikaanza rasmi. Pasipo watu wa kuwaeleza maafisa nani ni shifta na nani ni mchungaji, adhabu iliwaangukia wote. Katika wilaya ya Isiolo wafugaji walikusanywa kwenye kambi zilizolindwa, zikiwemo za Garba Tulla na Merti. Mifugo iliyokutwa nje ya maeneo yaliyoruhusiwa ilipigwa risasi au kutaifishwa. Waborana wanakiita kipindi hicho Gaf Daba, yaani wakati mambo yaliposimama. Familia zilizokuwa na ngamia wengi zilibaki mikono mitupu, na baadhi hazijarudi kwenye ufugaji hadi leo.

Vita vilimalizika kwa mkataba uliofikiwa Arusha Oktoba 28, 1967, kwa upatanishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Sheria za hali ya hatari, hata hivyo, ziliendelea hadi mwaka 1991. Mateso ya miaka hiyo yaliwekwa kwenye kumbukumbu rasmi na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyowasilisha ripoti yake Mei 2013.

Idara za ujasusi nazo zilibadilika majina na sura. Special Branch iliongozwa na James Kanyotu kuanzia mwaka 1965 hadi 1991, na mwaka 1986 ikawa kurugenzi ya ujasusi wa usalama. Sheria ya mwaka 1998 ilizaa NSIS, na ile ya mwaka 2012 ikazaa Idara ya Kitaifa ya Ujasusi (NIS). Kituo cha Kitaifa cha Kukabiliana na Ugaidi kiliundwa mwaka 2004, kusudi polisi, majasusi na wanajeshi washirikiane chini ya paa moja.

Lakini baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa, na lile la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, Wakenya waliuliza maswali ambayo yangeweza kuulizwa mwaka 1963: nani alijua nini, alimwambia nani, na kwa nini hatua haikuchukuliwa kwa wakati?

Maisha ya Wabera yanaonyesha kwamba maswali hayo yana sehemu mbili. Ya kwanza ni ya idara, na dawa yake ni sheria, kamati zinazokutana kweli, na wakuu wasiofungia habari makabatini kwa kuogopana. Ya pili ni ya wananchi. Mchungaji wa Modogashe aliyemwona mgeni mwenye bunduki hana deni la kuripoti kwa serikali inayomwona yeye mwenyewe kama adui. Kamati nzuri namna gani haiwezi kugawana habari ambayo haikuletwa.

Wabera alilijua hilo ndiyo maana akawafuata watu walikokuwa, bila kungoja waletwe kwake. Wengi katika kaunti ya Isiolo leo ni vijana waliozaliwa miongo mingi baada ya Ijumaa ile. Wanaosoma katika shule yenye jina lake, na maafisa wanaopelekwa huko kulinda usalama, wanastahili kufundishwa habari zake pamoja na za Chifu Galma Dida aliyekufa naye. Ufa waliojaribu kuuziba wawili hao haujajazwa wote, na ukuta uliojengwa baada yao uligharimu zaidi.