Johnson: Padri aliyepanga usafiri wa Ziwa Nyasa kwa kutembea

Kaburi la William Percival Johnson liko Liuli, katika mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma. Padri huyo Mwingereza alifariki hapo mwaka 1928 akiwa na umri wa miaka 74.

Wengi wanaomkumbuka humkumbuka kwa kazi ya kanisa. Lakini maisha yake yana somo pia kwa mkulima na mfanyabiashara, kwa sababu alifanya kazi ambayo siku hizi hufanywa na wachumi wa usafirishaji. Kabla ya chombo kununuliwa, alijiuliza ni watu gani watakaokitumia, wako wapi na wanataka kwenda wapi.

Johnson alizaliwa mwaka 1854 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, na akasoma katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alikuwa amefaulu mtihani wa kuingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni nchini India, kazi yenye mshahara mnono. Hata hivyo, mwaka 1876 aliiacha nafasi hiyo akaja Zanzibar pamoja na Askofu Edward Steere wa shirika la wamisionari la UMCA.

Aliishi kwa muda kwa Mataka, mtawala wa Wayao wa Mwembe, katika eneo ambalo sasa ni kaskazini mwa Msumbiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 akafika Ziwa Nyasa. Mwenzake, Charles Janson, aliugua na kufariki mwaka 1882, muda mfupi tu baada ya kuliona ziwa.

Vijiji vingi, njia moja ngumu

Johnson alitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, na alichokiona ndicho kilichozaa mpango wake. Watu wa mwambao hawakukaa mahali pamoja kama mjini. Vijiji vyao vilipangana ufukweni kama shanga, kila kimoja na bandari yake ya mitumbwi. Njia ya nchi kavu ilipanda miamba, ikashuka mabondeni na kuvuka mito ambayo masika hufurika.

Kwa hali hiyo, kujenga kituo kimoja kikubwa kungehudumia kijiji kimoja na majirani zake wachache. Lakini chombo kimoja cha majini kingeweza kufika vijiji vyote, na gharama yake ikagawanywa kwa watu wengi. Ndiyo hesabu ileile ya mwenye basi: gari likiwa na abiria wengi, gharama ya kila kiti hushuka.

Johnson alirudi Uingereza kuchangisha fedha za meli ndogo ya mvuke, iliyopewa jina la Charles Janson. Vipande vyake vilipelekwa kwa mto Zambezi na mto Shire, kisha wapagazi wakavibeba kwa miguu kuyakwepa maporomoko. Katika kazi hiyo Johnson alipata ugonjwa wa macho uliomfanya apoteze kabisa jicho moja, na jicho lililobaki likawa na nuru hafifu. Meli iliteremshwa majini Matope, kwenye mto Shire, mwaka 1885. Yeye alipopata nafuu alirejea ziwani.

Huduma huzaa wasafiri

Kwa miaka mingi meli hiyo ilimshusha ufukweni, akatembelea vijiji kwa miguu, kisha ikampitia mbele ya safari. Kazi ilipozidi kukua, chombo kikaonekana kidogo.

Hapa pana jambo ambalo wapangaji wengi hulisahau. Mtu angesimama Liuli kabla ya meli kuwapo akahesabu wanaokwenda kisiwa cha Likoma, angepata wachache tu, kisha angehitimisha kuwa meli haihitajiki. Kumbe uchache ule ulitokana na ugumu wa safari. Anayehesabu waliopo njiani peke yao huwaacha nje wote waliobaki nyumbani kwa kukosa usafiri.

Mwaka 1895 Askofu Chauncy Maples, rafiki wa Johnson, alizama ziwani baada ya mashua yake ya tanga kupigwa na dhoruba. Meli kubwa zaidi ilipopangwa ikapewa jina lake. Ilitengenezwa Glasgow, Scotland, ikasafirishwa katika vifurushi 3,481 na kuteremshwa majini mwaka 1901. Gharama yake ilikuwa takriban pauni 13,500.

Boila lake lilikuwa na uzito wa tani 11. Lilivutwa kwa gari la magurudumu na Wangoni wapatao 450 kwa kilometa 103 hivi, kwa mwendo wa takriban kilometa 5 kwa siku. Ndiyo kusema kipande kifupi kisicho na njia kinaweza kula jasho na muda kuliko safari ndefu ya baharini. Mkulima anayelipa nauli kubwa kutoa gunia shambani hadi barabarani analijua hilo.

Meli mpya ilibuniwa iwe shule, hospitali na kanisa linaloelea, na kwa malengo hayo ilifaa. Lakini haikupangwa kwa ajili ya magunia ya mahindi wala usipa wa kuuza. Chombo hubeba kile kilichohesabiwa wakati wa kupanga.

Yasiyotabirika

Makadirio nayo yana mipaka. Mikataba ya kikoloni iligawa mwambao baina ya Waingereza, Wajerumani na Wareno. Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen, na wakafikiria reli kutoka Kilwa hadi ziwani ambayo haikujengwa. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Liuli meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. Chauncy Maples nayo ikaingizwa katika kazi za vita. Hakuna hesabu ya abiria iliyokuwa imeliona hilo.

Baada ya vita Johnson aliendelea na kazi mwambaoni hadi alipofariki.

Maswali manne

Miaka ya 1950, katika uchunguzi wa usafiri wa miji ya Detroit na Chicago nchini Marekani, wataalamu waliukomaza utaratibu wa maswali manne. Safari ngapi zitaanzia kila eneo? Zitaelekea wapi? Watu watatumia chombo gani? Watapita njia ipi? Majibu hutegemea idadi ya watu, kipato, mavuno, nauli na muda wa safari.

Maswali hayo yanauhusu sana mwambao huu, ambao sasa uko katika wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga. Meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, zilizozinduliwa mwaka 2017, zina uwezo wa tani 1,000 kila moja. MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021, inabeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Lami imeunganisha Mbinga na Mbamba Bay, na reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay imekuwa kwenye mipango kwa miaka mingi.

Tani 1,000 ni magunia 10,000 ya kilo 100. Mzigo huo usipopatikana, meli hukaa gatini na gharama zake zinaendelea. Ukiwa mwingi kuliko uwezo, mahindi na maharage yanaoza ghalani huku bei ikianguka.

Kwa hiyo wataalamu wanapofika kijijini na karatasi zao, mkulima anayeficha idadi ya magunia kwa hofu ya ushuru anajipunja mwenyewe, kwani gati litajengwa kwa kipimo cha alichokitaja. Vyama vya ushirika na wafanyabiashara wa samaki wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay wakiweka kumbukumbu za mizigo yao kwa kila mwezi, watakuwa na takwimu za kuweka mezani.

Johnson alizipata takwimu zake kwa kutembea. Mpango unaotungwa ofisini bila kuwauliza wa ufukweni hauwezi kujua gunia la Kihagara linakwenda wapi.