LIVINGSTONE NA MIGUU YAKE

Jina la David Livingstone tunalisikia tangu masomo ya msingi. Leo tunaeleza habari yake kwa upande wa miguu, maana ni huku kwetu Kabambare miguu ilimshinda.

Alizaliwa Blantyre, Uskoti, tarehe 19 Machi 1813. Wazee wa nchi ile walikuwa na maneno yao ya ngozi. Kiatu cha ngozi mbichi, manyoya nje, kiliitwa rullion. Mshona viatu aliitwa souter. Na bark ni ganda la mti, tena ni kazi ya kutengeneza ngozi, kwa sababu waliloweka ngozi ndani ya maji ya maganda ili isioze.

Yeye hakushona viatu. Akiwa na miaka 10 tu aliingia kiwanda cha pamba, na usiku akasoma, mwisho akawa mganga na mmisionari. Mwaka 1844, kule kusini mwa Afrika, simba alimvunja mfupa wa mkono wa kushoto.

Mwaka 1869 akafika Kabambare. Alipotoka tena Juni 1870 kutafuta Lualaba, watu watatu tu walikubali kumfuata: Susi, Chuma na Gardner. Matope na mvua vikamshinda. Julai akarudi na vidonda kwa miguu yote miwili, akalala siku kama 80. Kiatu kina faida gani kwa mtu asiyeweza kukanyaga chini? Katika Maniema alisoma Biblia nzima mara nne.

Mwaka 1871 akafika Nyangwe. Tarehe 15 Julai akaona watu wa wafanyabiashara wakipiga bunduki sokoni. Watu mamia wakafa, wengi ni wanawake, wengine wakazama mtoni. Habari aliyoiandika ilisaidia kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Mwaka ule ule, mwezi wa Mei, akafa kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao wakakausha mwili, wakaufunga kwa nguo na ganda la mti. Ganda lile lililohifadhi ngozi kwao Uskoti, huku likahifadhi mwili wake. Wakaubeba kwa miguu mpaka pwani. Kule London wakamtambua kwa ule mfupa wa simba.

Basi ndugu, tunapomsifu Livingstone kwa kutembea, tusisahau kwamba safari yake ya mwisho ilikwenda kwa miguu ya wengine. Majina yao nayo tuyashike.