Tippu Tip na jicho la kupima pembe

Kijana wa Minova anayetaka kucheza biliadi huiviringisha kwanza fimbo juu ya meza, aone kama imenyooka. Mjuzi zaidi ataitazama ncha, ataupima uzito mkononi, atachunguza pale vipande viwili vinapoungana. Fimbo zilizochongwa na mafundi kwa kuagizwa zilivishwa pete ya pembe ya ndovu karibu na ncha, na kabla ya plastiki mipira yenyewe ilikuwa ya pembe tupu. Katika karne ya 19, pembe laini zilizopendwa sana na wachongaji wa London na New York zilipitia soko la Unguja, na nyingi zilikuwa zimebebwa kutoka upande wetu huu wa Kongo. Sisi wa idara ya lugha humtaja Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, tunapoeleza jinsi Kiswahili kilivyofika hapa. Ni mara chache tunamtazama katika kazi aliyoijua kuliko zote: kupima pembe na kukadiria itauzwa wapi.

Alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyejikita Tabora na kuoa katika nyumba ya mtemi wa Unyanyembe. Mtoto alianza na sandarusi, mzigo mdogo wa safari fupi, akiwa na miaka kama 12. Baadaye akaingia bara na baba yake, akavuka Ziwa Tanganyika hadi Urua.

Huko Urua ndipo jicho lake lilipoonekana. Pembe kubwa zilikuwa ghali, ndogo zilikuwa rahisi. Wenzake walifuata kubwa, yeye akaweka mali yake katika ndogo, akarudi na faida. Kiswahili cha biashara kilikuwa na jina kwa kila moja: buri ni pembe kubwa, kalasha ni ndogo. Mtu asiyejua angedhani kalasha ni makombo tu, lakini mchongaji wa mipira ya biliadi alitafuta hasa pembe nyembamba, iliyozidi kidogo tu upana wa mpira. Ndani ya pembe hupita mshipa wa jino, nao huonekana kama doa jeusi pale inapokatwa. Doa likikaa katikati kabisa, mpira utakwenda sawa. Likiegemea upande, mpira utapinda njiani hata mchezaji awe hodari vipi. Buri ilikwenda kwenye vibao vya piano, na sehemu yake yenye uwazi ilifaa kwa bangili za Uhindi. Kwa hiyo mnunuzi aliuliza uzito, kisha akauliza nyufa, ulaini, uwazi wa ndani, na umbo. Mahitaji yalikuwa makali kiasi kwamba mwaka 1863 kampuni moja ya biliadi ya New York iliahidi dola 10,000 kwa atakayebuni kitu cha kushika nafasi ya pembe.

Niweke neno la idara yetu hapa. Bei na thamani yote yametoka Kiarabu: la kwanza katika neno la kuuza, la pili katika neno lenye maana ya bei. Kiswahili kimeyatenganisha, kikaiacha bei sokoni na kuipa thamani heshima ya kitu chenyewe. Maisha ya Tippu Tip yalipita katikati ya maneno hayo mawili. Alikopa bidhaa kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, hasa Taria Topan, akazipeleka mahali ambapo pembe haikuwa na bei kubwa, akairudisha mahali ambapo ilikuwa nayo. Umbali wa kati ulilipwa na mabega ya wapagazi na ya watumwa.

Wala hakununua siku zote. Mwaka 1867, kusini mwa Ziwa Tanganyika, alimpiga Nsama, mtawala wa Itabwa aliyeogopwa na misafara yote. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuta huko frasila 1,950 za pembe na frasila 700 za shaba. Frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16. Pembe hizo zilikuwa basi kama tani 31. Mwenyewe alieleza kwamba jina la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake. Katika safari iliyoanza 1870 aliingia Utetela, akajitambulisha kwa mtawala mzee Kasongo Rushie kuwa mjukuu wa dada yake aliyetekwa zamani. Mzee akaamini, akamwachia utawala, na pembe zikaanza kumjia kama ushuru. Kwangu hiyo ndiyo biashara yake kubwa kuliko zote, na mtaji wake ulikuwa hadithi iliyosimuliwa vizuri.

Akaifanya Kasongo ya Maniema kuwa makao yake. Mwaka 1876 alimsindikiza Stanley kutoka Nyangwe kuteremka Lualaba, bila kujua kwamba njia ile ya mto ingekuja kuupora msafara wa Unguja mzigo wake. Mwaka 1887 alikubali kuwa liwali wa Leopold II huko Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mtu aliyehesabu pembe kwa tani alipokea fedha hiyo kwa sababu aliona bunduki za Wazungu zinaongezeka. Aliondoka Kongo 1890 na hakurudi. Vita vya 1892 hadi 1894 viliwavunja wenzake, na mwanawe Sefu aliuawa 1893. Pembe za Kongo zikateremka mto kwenda Antwerp.

Uzeeni aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode akayageuza kwa herufi za Kilatini, yakachapwa Berlin 1902 na 1903. Kila anayesoma Kingwana, Kiswahili cha waungwana wa misafara kilichozaa hiki chetu, apitie maandishi yale akiwa na kalamu mkononi. Sentensi ni fupi, kavu, zenye mwendo wa mtu anayesoma daftari la duka. Frasila zimo, madeni yamo, majina ya watawala na matajiri yamo. Waliobeba wametajwa kwa wingi wao tu, na waliochomewa vijiji hawana hata hesabu.

Alikufa kwa malaria Unguja mwezi Juni 1905. Nyumba yake bado ipo Mji Mkongwe, mtaa wa Shangani.